Namba yangu binafsi imebandikwa nyuma ya malori ya kampuni: je, nina haki ya kudai iondolewe?

Mama Naila, Dar es Salaam (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za siku nyingi. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi, na ninaposema usingizi sisemi kwa mafumbo. Wiki iliyopita nilipigiwa simu saa nane na robo usiku na dereva wa gari dogo aliyekuwa akiteremka Mlima Kitonga, akilalamika kwamba lori lililo mbele yake halina taa za nyuma na akinitaka nimwamuru dereva wake asimame mara moja. Mimi si msimamizi wa magari. Ni karani wa mauzo katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi mikoa ya kusini, na namba aliyoipiga ni yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa fedha yangu miaka mingi kabla sijaajiriwa.

Ilivyotokea ni hivi. Nilipoanza kazi nilijaza fomu iliyokuwa na sehemu ya namba ya simu, na karani aliyenipa fomu ile aliniambia kwamba namba inahitajika endapo kutatokea dharura au mabadiliko ya zamu. Niliandika bila wasiwasi. Mwaka uliofuata uongozi ulichapisha orodha ya wafanyakazi wote yenye jina kamili, cheo na namba ya simu, ukaibandika kwenye kaunta ya wateja, na baadaye namba za sisi watu wa mauzo zikaanza kuchapwa kwenye hati za kupokelea mizigo. Mwanzoni mwa mwaka huu malori yalipohitaji stika zenye maneno ya "Ukiona dereva anaendesha vibaya, piga namba hii", ofisa usafirishaji alikuwa ameacha kazi siku chache tu kabla, na meneja akaagiza iwekwe namba ya "yule dada wa mauzo, maana huwa anapokea haraka". Sikuulizwa. Niliiona namba yangu nyuma ya lori nikiwa getini nasubiri bodaboda.

Tangu hapo simu haipumziki. Wateja wa kweli siwalalamikii sana, ingawa nao hupiga hata Jumapili nikiwa ibadani. Wanaonikera ni wale waliopiga picha ile orodha ya kaunta. Mmoja alianza kwa salamu za asubuhi, akaendelea kuuliza kama nimeolewa, na sasa hutuma ujumbe kila usiku. Matapeli nao hawakubaki nyuma. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" sote tumeuzoea na tunaucheka, lakini aliyenipigia mwezi uliopita alinitaja kwa majina yangu matatu na cheo changu, akajidai kuwa mhasibu mpya wa makao makuu, na nilikaribia sana kumwamini. Majina matatu si vigumu kuyapata, kwa sababu mtu akiingiza namba yako kana kwamba anakutumia fedha, jina lililosajiliwa humjia kwenye skrini kabla hajathibitisha.

Nilimwomba meneja aziondoe stika, naye akajibu kwamba kama sitaki kupigiwa simu basi kazi ya mauzo hainifai. Wenzangu wananishauri ninunue laini nyingine na kuitupa hii, lakini laini hii ndiyo inayotambuliwa na benki yangu, shule ya mtoto, kikundi chetu cha VICOBA na wazazi wangu kijijini ambao wamekariri tarakimu zake kwa moyo. Kwa nini nihame mimi? Ninachotaka kujua ni iwapo mwajiri anaruhusiwa kuigawa namba niliyompa kwa shughuli nyingine, na kama haruhusiwi, nidai vipi bila kuonekana mkorofi.

Ofisa Utumishi Mstaafu, Morogoro

Mama Naila, pole sana. Nimefanya kazi ya utumishi kwa zaidi ya miaka ishirini, viwandani kwa sehemu kubwa, na ninakiri kwamba katika miaka ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa nikibandika orodha kama hiyo mlangoni bila kufikiri mara mbili. Tuliichukulia namba ya simu kama cheo au chumba cha ofisi, yaani kitu cha kazini ambacho kila mtu anaweza kukiona.

Kilichonibadilisha ni tukio moja. Kiwandani tulikuwa na daftari la mlinzi getini lenye namba za wafanyakazi wote, ili mlinzi aweze kumpigia fundi mashine zikiharibika usiku. Kulikuwa na mama mmoja wa idara ya upakiaji ambaye alikuwa ameachana na mumewe kwa ugomvi mkubwa na alikuwa amebadilisha namba makusudi ili asisumbuliwe. Mume yule alikuja getini, akazungumza na mlinzi kwa upole, akasema yeye ni ndugu na kuna msiba nyumbani, na mlinzi, kwa huruma yake, akamfungulia daftari. Sitaeleza yaliyofuata kwa sababu si yangu kuyasimulia. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mama aliacha kazi mwezi huohuo, na kwamba kwenye faili lake hapakuwa na sehemu yoyote ambayo ingemwezesha kutuambia mapema, "namba hii msimpe mtu."

Baada ya hapo tulibadilisha utaratibu. Orodha kamili ilikaa kwenye kabati la utumishi lenye kufuli. Kila msimamizi alipewa namba za watu wa zamu yake tu. Mlinzi alibaki na namba tatu, za watu waliokubali na waliokuwa wakilipwa posho ya kuitwa usiku. Mfanyakazi mmoja akiomba namba ya mwenzake, jibu tulilowafundisha makarani lilikuwa, "Niachie namba yako wewe, nitampa, akitaka atakupigia." Utaratibu huo haukugharimu hata shilingi.

Watu wengi hudhani kwamba sheria ya kazi inamlazimisha mwajiriwa kutoa namba yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaorodhesha mambo ambayo mwajiri anapaswa kuyaandika katika maelezo ya ajira, yakiwamo jina, umri, anuani ya kudumu, jinsi, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, saa za kazi na ujira. Namba ya simu haimo katika orodha hiyo. Hii haina maana kwamba kuiomba ni kosa, kwa kuwa siku hizi wengine hulipwa mishahara kupitia simu, lakini ina maana kwamba anayeiomba awe na sababu, na sababu hiyo ndiyo mpaka wa matumizi yake.

Kuhusu malori, dawa yake ni laini ya kampuni na simu ndogo ya kitochi inayokaa kwa msimamizi wa zamu. Angalizo moja tu, na ninakuomba ulishike: laini hiyo isajiliwe kwa jina la kampuni, na usikubali kamwe kuweka alama zako za vidole kwa niaba yao ili "kurahisisha". Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni yako mbele ya polisi, hata kama kifaa kinazunguka mikononi mwa watu kumi. Ukipata nafasi, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu nimewahi kumwona karani aliyekuta laini tatu za ofisi aliyoihama zamani bado zinasoma jina lake.

Mwenye Duka, Mwanza

Ninaheshimu maoni ya mzee wangu wa Morogoro, lakini ninaomba tusikilizwe na sisi waajiri wadogo. Nina watu saba. Kwetu mteja hapigi simu ofisini, anampigia mtu. Mteja wangu wa Sengerema hajui jina la duka langu vizuri, ila anamjua kijana aliyemuuzia mabati mwaka juzi, na akihitaji misumari anampigia yuleyule. Vijana wangu wenyewe ndio wanaogawa namba zao kwa bidii, kwa sababu wanapata kamisheni, na mmoja alikasirika nilipoandika namba ya duka kwenye kadi badala ya yake. Sasa nikisema kila namba ni siri, nitauzaje?

Pia naona tunakuza mambo. Namba ya simu haikuwa siri katika nchi hii hata siku moja. Fundi bomba anaiandika ukutani, mganga anaipaka kwenye nguzo ya umeme, na msibani inapitishwa karatasi kila mtu anaandika namba yake mbele ya wote. Mama Naila ninamwonea huruma kwa hao wanaomsumbua usiku, lakini mtu mwenye tabia mbaya ataipata namba kwa njia yoyote, na kosa ni lake, si la meneja. La stika za malori ninakubali kwamba ni uzembe.

Wakili wa Kujitegemea, Dodoma

Mjadala umekaa zaidi kwenye adabu na gharama, ilhali lipo pia swali la sheria, na jibu lake si gumu kama wengi wanavyodhani. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa chini yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Hata kabla ya hapo, Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 ilikwisha kuweka hifadhi ya maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, lakini Ibara hiyohiyo iliiachia mamlaka ya nchi kazi ya kuweka utaratibu, na kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuwa na ofisi ya kwenda kubisha hodi. Sasa ofisi ipo.

Ninaanza na hoja ya Mwenye Duka, kwa sababu ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi kwa wateja wangu. Anasema namba haikuwa siri kamwe. Sheria haiulizi kama ni siri. Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayomhusu mtu anayeweza kutambulika, iliyorekodiwa kwa namna yoyote, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kaunta imo ndani ya sheria sawasawa na kompyuta ya makao makuu. Fundi bomba anayeandika namba yake ukutani amechagua mwenyewe nani aione na kwa ajili gani. Vijana wa Mwanza wanaogawa namba zao kwa sababu ya kamisheni wamechagua pia. Mama Naila hakuchagua, na tofauti ya kisheria kati yao imo hapo.

Kiini chake ni kifungu cha 5, kinachoweka misingi ya ukusanyaji na uchakataji. Taarifa inapaswa kukusanywa kwa kusudi mahsusi, lililo wazi na halali, na isichakatwe baadaye kwa namna isiyolingana na kusudi hilo. Tena iwe ile inayotosha kwa kusudi hilo tu na isitunzwe kupita muda unaohitajika. Anayekusanya, ambaye hapa ni mwajiri, anatakiwa kumfahamisha mhusika kusudi hilo kabla ya kukusanya. Mama Naila aliambiwa: dharura na mabadiliko ya zamu. Kupokea malalamiko ya barabarani saa nane usiku si dharura yake wala zamu yake. Kwa maoni yangu hilo halina ubishi, na orodha ya kaunta nayo iko karibu sana na hapo. Hati za kupokelea mizigo zinaweza kubishaniwa, kwa kuwa mwajiri atasema mteja anahitaji kumfikia karani aliyemhudumia, ingawa swali litabaki: kwa nini asifikiwe kwa namba ya ofisi?

Mwajiri huenda akatoa fomu mpya yenye mstari wa chini kabisa unaosema "ninaridhia taarifa zangu zitumike kwa shughuli zote za kampuni" na kumtaka asaini. Usisaini haraka. Ridhaa ya mtu anayehofia kupoteza kazi ni ridhaa dhaifu, na maneno "shughuli zote" hayataji kusudi lolote mahsusi. Unaweza kusaini na kuandika kwa kalamu pembeni kwamba unaridhia kwa mawasiliano ya ndani pekee. Nimewahi kuona hilo likifanyika na hakuna aliyefukuzwa.

Lipo pia suala la saa za kazi ambalo sijaona likitajwa. Sheria ya Ajira inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada hufanywa kwa makubaliano na kulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sisemi kwamba kila simu ya dakika mbili ni saa ya ziada. Hoja hiyo ningeipeleka mbele ya msuluhishi kwa tahadhari kubwa. Lakini meneja anayesema kupokea simu za usiku ni sehemu ya kazi yako amekubali, pasipo kujua, kwamba unapozipokea uko kazini.

Ushauri wangu wa vitendo, Mama Naila, ni barua. Iandike kwa adabu, ukurasa mmoja, uieleze siku na kusudi uliloambiwa ulipotoa namba, mahali ilipoonekana sasa, na uombe iondolewe kwenye kaunta, kwenye hati na kwenye malori ndani ya siku utakazozitaja, wiki mbili zinatosha. Chukua picha za stika na orodha kabla hujaipeleka, maana vitu hivyo hutoweka siku moja baadaye na kisha ukaambiwa havikuwahi kuwapo. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, barua hiyo na picha hizo ndizo utakazoambatanisha na malalamiko yako kwa Tume. Na endapo watakuachisha kazi kwa sababu ya kulalamika, hilo ni shauri jingine la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nalo hufunguliwa ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri hasira zipoe.

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa

Hujambo dada, na hongera kwa kuuliza, kwani wengi wetu hunyamaza. Mimi niko upande wa pili wa mpaka, lakini yaliyokupata nayafahamu. Nilikuwa nafanya kazi katika kampuni ya kutembeza watalii, na msimamizi wetu alifungua kundi moja la WhatsApp akawatia humo wafanyakazi, wenye hoteli, madereva wa kukodiwa na hata watu wa kuleta maji. Watu mia na ushei, kila mmoja anaiona namba ya kila mmoja. Baada ya wiki mbili nikaanza kupata matangazo ya viwanja vya Kilifi, na siku moja kampuni ya mikopo ya simu ikanipigia kunidai deni la mtu ambaye sikumfahamu kabisa. Kumbe ni dereva mmoja wa lile kundi, aliyeandika namba yangu kama mdhamini wake kwa kuwa ilikuwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo ninaomba kumwambia kaka wa Mwanza kwamba namba ikishatoka haimsubiri mtu mbaya aje kuitafuta. Inatembea yenyewe, na mara nyingi kupitia watu wazuri waliobanwa na shida. Programu nyingi za mikopo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, na mwenzako wa ofisini akibonyeza kukubali, wewe nawe umekubaliwa.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Nakumbuka mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu alizozipata kwa wengine ili kutuma ujumbe wa vitisho. Siku zilezile mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Malalamiko yakifikishwa kwa Kamishna, sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Mimi sikufika huko. Nilimwandikia msimamizi, akaniambia najifanya mtu mkubwa, lakini wasichana wanne wengine walipoandika barua yao pamoja, kundi lile likavunjwa na kugawanywa: la ndani la wafanyakazi, na orodha ya matangazo kwa watu wa nje, ambapo kila mpokeaji hupata ujumbe peke yake bila kuona namba za wengine.

Nadhani hilo la kuandika wengi pamoja lingekufaa, dada. Sidhani kama wewe ndiye pekee uliyechapwa kwenye ile orodha.

Ofisa Utumishi Mstaafu, Morogoro

Ninarudi kwa neno moja kwa Mwenye Duka. Umesema mteja anamjua kijana, hamjui mwenye duka. Je, umeshajiuliza kijana huyo akihamia duka la jirani, mteja wa Sengerema atampigia nani? Niliwahi kuona kampuni ya viuatilifu ikipoteza wilaya nzima kwa sababu ofisa mauzo wake aliondoka na laini yake mfukoni, na kisheria hawakuwa na la kusema, kwa kuwa laini ilikuwa yake. Sijui kama heshima kwa faragha itakugusa, lakini hesabu ya biashara naamini itakugusa.

Mwenye Duka, Mwanza

Mzee, hapo umenipata. Ninaye mmoja aliyeondoka mwezi wa tatu na wateja wa Ukerewe sijawasikia tangu hapo. Nitanunua laini mbili za duka na kuona mambo yanavyokwenda, ingawa vijana watanung'unika kubeba simu mbili.

Mama Naila, ninakubali pia kwamba nilichanganya mambo. Vijana wangu walitoa wenyewe, yako ilitolewa. Hata hivyo bado ninaamini kwamba mtu wa mauzo hawezi kudai asipatikane kabisa, na sheria itakayosema hivyo itatuua sisi wadogo.

Mama Naila, Dar es Salaam

Ninawashukuru nyote kwa kunijibu kwa kirefu. Sijawahi kudai nisipatikane, kaka yangu wa Mwanza. Ninadai nipatikane kwa simu ninayoweza kuiacha mezani saa kumi na moja jioni na kwenda kumchukua mwanangu.

Nimefuata ushauri wa wakili na wa ndugu yangu wa Kisauni kwa pamoja. Tulikuwa sita tulioandika, wakiwamo wanaume wawili wa ghalani ambao sikutegemea kabisa kwamba wangejiunga. Kumbe mmoja wao alikuwa amepigiwa na matapeli waliojifanya mhasibu mpya na akatuma fedha kweli, akaona aibu kusema. Nilimwonyesha namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, akairipoti ile namba, ingawa fedha yake haijarudi. Picha nilizipiga asubuhi ya siku tuliyopeleka barua, na nakala yangu ina muhuri.

Meneja hakufurahi. Aliniita peke yangu, akaniuliza nani ananifundisha mambo haya, nikamjibu kwamba ni sheria ya mwaka 2022 na kwamba barua ni ya watu sita, hivyo ninaomba atujibu sote. Siku ya tatu orodha ya kaunta iliondolewa na kubadilishwa na karatasi yenye vyeo na namba moja ya mezani. Wiki iliyofuata wakanunua laini mbili. Ile ya mauzo walitaka kuisajili kwa kitambulisho changu, "kwa muda tu mpaka nyaraka za kampuni zipatikane". Nilikataa, nyaraka zikapatikana kesho yake.

Mwenye salamu za usiku nimemzuia, akanitafuta kwa namba nyingine, nimeizuia nayo pia. Kuhusu yeye sijui nitafanya nini akiendelea, kwa kuwa namba ilikwisha kutoka na hakuna barua inayoweza kuirudisha kwenye simu yake. Hati za mizigo zilizochapwa zamani bado zinatumika hadi vitabu viishe, na karani mwenzangu anafuta namba zetu kwa kalamu, moja baada ya nyingine.

Malori manne yaliyokuwapo Dar es Salaam yamebanduliwa stika. Mawili yako safarini Songea, na nimeahidiwa kwamba yatabanduliwa yakirudi. Jana usiku nilipigiwa kutoka Makambako. Aliyepiga alikuwa mwungwana sana, akasema dereva wetu amesimama kando ya barabara kusaidia basi lililoharibika, na yeye alitaka tu kampuni ijue kwamba ina dereva mwema. Nilimshukuru, nikaandika namba ya lori, kisha nikamwomba kwa heshima afute namba yangu.